Bi Sikudhani na Kadi ya Mbawa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani zenu. Mkiiona humo, basi mchora ramani kakosea, au mmeishika kichwa chini miguu juu. Inaitwa Jamhuri ya Upeponi. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika mtaa wa Kwa Mbigili, cheo nilichokishika chini ya marais wetu wote, yaani huyu mmoja. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nasimulia kwa chuki. Mpinzani wa nchi yetu tunamfahamu, anakaa nyuma ya posta, na juzi nilimwona anaendelea vizuri.

Kwanza nieleze habari ya daraja. Upeponi imekatwa katikati na Mto Ngurumo. Upande wa huku kuna makao makuu, hospitali ya rufaa, na mimi. Ng'ambo kuna mji wa Kivumoni na watu wake. Daraja lililotuunganisha lilianguka msimu mmoja wa masika, na Waziri wa Usafiri, Mheshimiwa Mbaraka Tindo, akaja kulitazama. Alisimama ukingoni kwa muda, akavua miwani, akatuambia kwamba daraja halikuanguka, limestaafu. "Taifa lenye mbawa," akasema, "litafanya nini na miguu?" Tulipiga makofi sana. Hata wenye mitumbwi walipiga, kabla hawajaisikia sentensi iliyofuata, ambayo iliwakataza kuvusha watu. Ilikuwa kwa usalama wetu, maana uchunguzi ulikuwa umegundua kwamba mto una maji.

Baada ya hapo likaanzishwa Shirika la Ndege la Mbawa za Jamhuri. Lilikuwa na ndege moja, nyeupe, nzuri sana. Nauli ya kwenda Kivumoni ilikuwa sawa na bei ya nyumba ya vyumba vitatu. Watu walinung'unika kidogo, na serikali yetu, ambayo ina masikio mepesi mtu akinung'unika, ikaleta Kadi ya Mbawa.

Ilikuwa kadi ya mkopo ya Benki ya Uzalendo, yenye picha ya ndege ikipaa kuelekea jua. Ukinunua kitu kwa kadi hiyo, unaandikiwa maili. Maili zikitimia, unapanda ndege bure. Neno "bure" lilichorwa kwenye mabango kwa herufi kubwa kuliko jina la nchi.

*

Katika nyumba zangu kumi alikuwamo Bi Sikudhani, mkunga mstaafu. Alifanya kazi wodi ya wazazi tangu enzi za taa za chemli, na aliwapokea duniani watu wengi mno wa mji huu, wakiwamo mawaziri wawili na yule mpinzani. Mumewe alikwisha kufariki, na hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki naye ni mdogo wake, Mwatime, aliyeolewa Kivumoni na kubaki hukohuko hata baada ya kufiwa. Zamani walikuwa wakitembeleana kila sikukuu. Tangu daraja listaafu, hawakuwa wameonana.

Siku moja sokoni alikutana na wasichana wawili wa benki waliovaa mbawa za pamba mgongoni. Nilikuwapo, nachagua nyanya.

"Karibu mama, chukua kadi uruke," mmoja akamwambia.

"Niruke niende wapi?"

"Popote, mama."

"Popote ndiyo wapi?"

"Kivumoni," akasema msichana, kwa kuwa ndege haikupangiwa kwingine.

Bi Sikudhani akakiweka kikapu chini. "Na kadi yenyewe inalipiwa nini?"

"Hulipi kitu. Mwaka wa kwanza ni bure."

"Na wa pili?"

"Mama yangu, mwaka wa pili si utakuwa umeshafika?"

Akacheka, akatia sahihi. Tangu msiba wa mumewe sikuwa nimemwona akicheka vile.

Shida ni kwamba mama huyu hakuwa mtu wa matumizi. Pensheni yake ilikuwa ndogo na chakula chake kidogo zaidi. Kwa kula kwake peke yake, angefika Kivumoni akiwa na umri wa Nabii Nuhu. Basi mtaa ukaingilia kati. Mtu akitaka unga, alimpa Bi Sikudhani fedha mkononi, naye akaziweka benki, akaenda dukani kwa Msabaha akapitisha kadi kwenye mashine. Sare za shule, mafuta ya taa, sanda, keki ya harusi ya binti wa fundi cherehani, vyote vilipitia kadi ile. Mimi nilinunua mabati ya banda langu. Msabaha aliongeza bei kidogo kwa kila anayelipa kwa kadi, kwa sababu benki nayo ilikuwa ikimkata yeye, lakini hakuna aliyeteta. Mtaa mzima ulikula, ukavaa na ukaezeka kwa ajili ya safari ya mtu mmoja.

Jioni watu wakipita barazani kwake walimwuliza, "Umefika wapi leo, Bi Sikudhani?"

Naye alijibu kama mtu aliye njiani. "Mlima nimeshauacha nyuma. Naanza kuuona mto."

*

Alipokuwa karibu kuuvuka huo mto wake wa maili, Mwatime akaugua. Habari tuliisikia sote, kwa sababu masikio ya Bi Sikudhani yalikuwa yamechoka na alizoea kuifungulia simu sauti hadi mwisho. Simu zake zote zilikuwa za hadhara.

"Tumbo limejaa maji, dada," Mwatime alisema. "Miguu nayo imevimba. Hospitali hapa wanasema niende rufaa."

"Rufaa iko huku."

"Nimewaambia hivyo. Wamesema hata wao wanajua."

Bi Sikudhani akamwuliza maswali ya kikazi, taratibu: rangi ya macho, usingizi, haja ndogo. Kila jibu aliliitikia "ehe", na kila "ehe" ilikuwa ndogo kuliko iliyoitangulia.

"Dada," Mwatime akasema, "sikuiti uje kuniponya. Wewe umepokea watoto wa watu maisha yako yote. Mimi siku yangu ikifika sitaki mikono ya mtu mwingine. Nataka unioshe wewe."

"Usiseme maneno hayo."

"Nimeshayasema. Wewe njoo."

"Nakuja, mdogo wangu. Zimebaki maili kidogo tu. Nakuja."

Siku ile mtaa ulinunua vitu ambavyo haukuvihitaji. Fundi cherehani alinunua jembe. Kinyozi akanunua diaba la kuogeshea mtoto, naye hana mtoto. Maili zikatimia. Bi Sikudhani akashonewa gauni la kijani, akapanga sanduku. Asubuhi yake, kabla hajaenda kuomba tiketi, ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Hongera Bi Sikudhani," ulisema. "Umetimiza mwaka mmoja ndani ya familia ya Mbawa. Ada yako ya mwaka imekatwa. Kwa kuwa salio lako halikutosha, kiasi kilichobaki kimekatwa kwenye maili zako. Endelea kupaa."

Akausoma, akanipa niusome, akaitwaa simu akausoma tena.

"Mwaka haujaisha," akasema. "Kadi hii niliichukua wakati wa kuvuna mpunga, na mpunga bado uko shambani."

*

Akapiga simu ya huduma kwa wateja. Nasikia katika nchi nyingine mteja akisubirishwa huwekewa muziki laini. Sisi tunawekewa wimbo wa taifa. Na sheria ya Upeponi inajulikana: wimbo wa taifa ukipigwa, kila anayeusikia husimama wima, mikono ubavuni. Kwa vile simu ilikuwa ya hadhara, sote tuliokuwa barazani tulisimama. Wimbo ukaisha, sauti ikasema kwamba simu yetu ni muhimu sana, wimbo ukaanza upya. Wapita njia wakasimama. Mwuza maji akasimama na mkokoteni wake katikati ya barabara, gari la polisi likakwama nyuma yake, polisi wakashuka, nao wakasimama. Miguu ya Bi Sikudhani, yenye mishipa iliyotokana na kusimama wodini miaka yote ile, ikaanza kutetemeka. Nikampa bega aegemee, jambo ambalo nadhani sheria inaliruhusu. Tulisimama hivyo mpaka simu ikaisha chaji. Polisi walitushukuru kwa uzalendo wetu wakaenda zao.

Kesho yake nikamsindikiza benki, kwenye Idara ya Furaha ya Mteja. Tulipokewa na Bwana Ludoviki, kijana mpole mwenye tai nyembamba na tabasamu ambalo halikuzimika hata alipopiga chafya.

"Shikamoo mama. Pole kwa furaha uliyoikosa. Tatizo ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekatwa ada. Niliambiwa mwaka wa kwanza bure."

"Ni kweli kabisa. Mwaka wa kwanza ulikuwa bure."

"Mbona haujaisha?"

"Umekwisha, mama. Mwaka wa kwanza ni wa kadi, si wa mtu. Kadi yako ilitengenezwa kiwandani, ikakaa ghalani inakusubiri. Muda wote huo hukulipa hata senti. Ulipoichukua, mwaka wake wa kwanza ulikuwa ukingoni."

Nakiri nilimwonea fahari kijana yule. Hoja ilikuwa imenyooka kama reli.

"Kwa hiyo hiyo bure ilinipita sijui," Bi Sikudhani akasema.

"Ilikupita, lakini uliipata. Wapo ambao hawaipati kabisa."

"Nirudishieni maili zangu, mwanangu. Nina mgonjwa."

"Maili zikishakatwa hazirudi. Ni kama ndege yenyewe, angani haina gia ya kurudi nyuma."

"Basi ifungeni kadi yenu."

Bwana Ludoviki akachangamka zaidi. Alieleza kwamba kadi hufungwa wakati wowote mteja akitaka. Anayeifunga hupoteza maili zake zote. Ombi lake hushughulikiwa mwaka unaofuata, na kwa kuwa mwaka huo kadi itakuwa bado wazi ikisubiri kufungwa, ada ya mwaka huo nayo italipwa. Kulikuwa pia na ada ya maelezo haya aliyotupa, lakini hiyo alituambia, kwa kuinamisha kichwa, kwamba ameisamehe nusu.

Bi Sikudhani akamwuliza, "Ulizaliwa wapi, mwanangu?"

"Hapahapa, hospitali ya serikali."

"Najua. Una kovu nyuma ya sikio. Ulikuja umetanguliza makalio, na mama yako aliteseka sana. Nilidhani hutalia. Ulipolia, wodi nzima ilifurahi."

Tabasamu lilibaki palepale, ila macho yake yalishuka mezani. "Mama, mimi mwenyewe ninayo hiyo kadi," akasema kwa sauti ya chini. "Mshahara wangu wa mwezi uliopita ulikatwa wote." Kisha akabonyeza kengele kumwita mteja mwingine.

*

Mtaa ukaanza upya, lakini mara hii kwa unyonge. Watu walikuwa wameshanunua majembe na madiaba, fedha hawana. Bi Sikudhani akauza kabati, akauza redio, akaziweka fedha benki, akanunua kwa Msabaha mchele aliougawa, mradi kadi ipite. Hakuna tena aliyemwuliza amefika wapi. Sauti ya Mwatime kwenye simu ilikuwa ikipungua, na siku nyingine alizungumza jirani yake badala yake.

Ndipo Mheshimiwa Tindo alipokuja katika uwanja wetu kusherehekea mafanikio ya Kadi ya Mbawa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeulizwa, kwa nini kuna ada. Nami nauliza, ndege inapaa kwa nini? Inapaa kwa sababu inasukumwa. Ada ndiyo inayokusukuma wewe. Asiyekatwa hasukumwi, na asiyesukumwa hapai. Nimesikia pia kwamba wapo wanaosema huduma ni mbovu. Mbovu kuliko ipi? Tunayo moja tu."

Tulipiga makofi. Kisha mimi, kwa cheo changu, nikapewa nafasi ya kumleta mwananchi mmoja amsalimie Waziri, nikamleta Bi Sikudhani. Waziri alimtambua mara moja, akamvuta mbele ya kipaza sauti.

"Mama Mkunga," akasema. "Ndugu zangu, mikono hii ndiyo iliyonipokea."

"Ni kweli, baba," Bi Sikudhani akajibu. "Na mimi leo nimekuja unipokee. Mdogo wangu yuko Kivumoni, ni wa leo na kesho. Naomba univushe, hata kwa mtumbwi."

Neno mtumbwi liliwafanya walinzi wasogee. Lakini Waziri alicheka kwa upole.

"Mtumbwi? Mama aliyempokea waziri avuke kwa mtumbwi?" Akanong'onezana na msaidizi wake, akapewa kadi inayong'aa, akaiinua juu. "Kuanzia leo, kwa heshima ya taifa, Mama Mkunga anapewa Daraja."

Wazee waliokaa nyuma walisikia neno hilo tu, wakaanza kushangilia na kukumbatiana, wengine wakapiga magoti. Ikabidi Waziri anyooshe mkono wanyamaze ili amalizie.

"Daraja la Dhahabu," akasema. "Na mwanachama wa Dhahabu hangojei maili. Jumatatu anaruka."

Bi Sikudhani aliishika kadi kwa mikono miwili, akalia. Nami nililia. Ada ya Dhahabu, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kawaida, ilikatwa kabla hatujafika nyumbani. Kwa kuwa katika akaunti hapakuwa na kitu, ilikatwa kwenye pensheni ambazo bado hazijaingia.

"Si kitu," akaniambia. "Mradi nifike. Nikishafika, pensheni ya nini?"

*

Jumatatu nikamsindikiza kiwanjani. Kadi ya Dhahabu ilimruhusu kuingia ukumbi wa wageni mashuhuri, wenye zulia na viti vya ngozi. Kuingia kulikuwa bure, kukaa ndiko kulikuwa na ada, kwa hiyo alisimama. Kutoka pale alimpigia simu Mwatime.

"Leo naingia kwenye ndege. Naiona kwa macho yangu."

"Nimewaambia wanitoe nje, uani," Mwatime akasema. Ilimbidi apumzike kati ya maneno. "Nimejifunika kanga nyekundu. Utaiona ukiwa unashuka."

Abiria wakapanda. Yaliyotokea angani alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, nami nayasema kama nilivyoyapokea.

Ilikuwa ndiyo safari ya kwanza ya wenye kadi. Kabla ya hapo hakuna raia aliyekuwa amewahi kutimiza maili bila kukatwa, na ndege ilikuwa ikitumika kumpeleka Rais kung'olewa jino nchi za nje. Abiria walikuwa wachache, wa kuenea mkeka mmoja. Pembeni yake alikaa mwanamume mmoja aliyeshika viatu vipya vya mtoto, kwa kuwa mkewe alijifungua Kivumoni daraja lilipoanguka, naye hajamwona mwanawe. Mhudumu, msichana mdogo, akawagawia peremende moja moja. Wakapita juu ya mlima, wakapita juu ya mto. Mnara wa msikiti wa Kivumoni ukatokea, kisha soko, kisha paa za nyumba. Ndege ikainamisha bawa, ikauzunguka mji taratibu. Yule mwanamume akaanza kuvipangusa viatu kwa shati lake. Bi Sikudhani akabandika paji la uso kwenye kioo, na katika ua mmoja nyuma ya msikiti akaona kitu chekundu.

Kisha ndege ikanyanyua pua.

"Mabibi na mabwana," ikasema sauti ya rubani, "tumefika Kivumoni. Asanteni kwa kusafiri na Mbawa za Jamhuri. Sasa tunarejea."

Bi Sikudhani akamwita mhudumu. "Mwanangu, mbona hatushuki?"

"Tiketi za kadi ni za kuruka, mama. Kutua hakumo."

"Hakumo vipi?"

"Kivumoni hakuna kiwanja. Kimo kwenye mpango. Mkataba unasema abiria atafikishwa. Hausemi atashushwa."

"Na wanaolipa nauli kamili?"

"Bado hajatokea aliyelipa nauli kamili."

Bi Sikudhani akafungua mkanda, akasimama. "Mwambie rubani ashuke chini kidogo tu. Mahali popote. Mimi nitajitupa."

Msichana akamshika mikono, akamrudisha kitini, akamfunga mkanda. Halafu akachuchumaa palepale kati ya viti, akakilaza kichwa chake kwenye goti la Bi Sikudhani. Yule mwanamume alikuwa akiviangalia viatu. Mto ukapita tena chini yao, ukiwa na maji yake.

*

Mimi nilikuwa bado kiwanjani nanywa chai. Nilipomwona anatoka nilidhani amesahau kitu.

Alikuwa ameshika cheti chenye mhuri kinachothibitisha kwamba amefika Kivumoni. Hakuwa ameniambia lolote bado, simu ikalia. Alikuwa Mwatime.

"Dada, nimekuona."

"Umenionaje, Mwatime?"

"Ndege imepita juu yangu kabisa. Nikawaambia, pale dirishani ni dada yangu. Umevaa nini?"

"Kijani."

"Basi ndicho nilichokiona. Kijani."

Bi Sikudhani alijua ukubwa wa madirisha yale, na alijua ndege ilikuwa juu kiasi gani. "Na mimi nimeiona kanga yako," akasema.

"Nilijua utaiona." Akapumzika. "Mbona hawakushuka?"

"Upepo ulikuwa mkali. Wanasema Jumatatu ijayo tunarudi."

"Haya. Nitajitahidi."

Mwatime alijitahidi, lakini Jumatatu hakuifikia. Simu ya msiba iliingia asubuhi, watu wakiwa wanachemsha chai. Wanawake wa Kivumoni walitaka kumwosha, wakampigia dada mtu kumtaka radhi, kwa kuwa walijua marehemu alivyousia. Bi Sikudhani akawaambia wasikate simu, wailaze karibu na marehemu. Sisi wanaume tulitoka nje kama ilivyo adabu, ila kuta zetu ni nyembamba na simu ile haikuwa na siri.

"Maji yawe ya vuguvugu, si ya moto," tulimsikia akisema. "Mmeshamlegeza viungo? Haya. Anzeni upande wa kulia. Polepole hapo tumboni, lilikuwa linamuuma. Nyuma ya goti ana kovu, alianguka kisimani akiwa mdogo. Mmeliona? Basi pitisheni mkono polepole."

Fundi cherehani alikuwa amesimama karibu nami. Alivua kofia, akaishika.

Aliwaongoza hivyo hadi walipomaliza, na walipomaliza akawashukuru mmoja mmoja kwa majina, kila mmoja kwa alilofanya. Kisha akawaombea, akakata simu.

Siku ya pili ya matanga ujumbe ukaingia. Nikausoma mimi, kwa kuwa simu ilikuwa karibu yangu. "Mpendwa Bi Sikudhani, uliionaje safari yako ya Kivumoni? Tupe alama, kuanzia moja hadi tano. Asiyejibu kabla ya jua kuzama tutamhesabu kuwa ameridhika kabisa."

Nikamsogelea. Alikuwa ameketi mkekani ameegemea ukuta, mikono ameilaza mapajani, viganja vikitazama juu. Nikamwuliza niwaandikie nini. Hakujibu. Wanawake wakaleta uji, wakaondoa vikombe, nikamwuliza tena. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Sikutaka kumsumbua zaidi, na jua likazama.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa Tindo alizungumza kwenye redio. Tulisikilizia barazani kwa Bi Sikudhani, kwa redio yangu, kwa sababu yake aliiuza. Waziri alitangaza kwamba abiria wote wa safari ya Kivumoni, bila kubakiza hata mmoja, wameridhika kabisa, na kwamba kwa furaha hiyo ada ya mwaka itapanda. Niligeuka nione mwenyeji wetu ameipokeaje habari. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya, hakubisha, basi nami sikubisha.